Vikombe Vitatu, Vidonge Vinne

Seneca, mwanafalsafa wa Roma aliyemfundisha Nero kabla hajawa Kaisari, alimwandikia rafiki yake Lucilius barua ya kuwalalamikia watu wanaopoteza muda kwa kuchezea maneno. Katikati ya malalamiko akawataja watu wengine, wale wakaao sokoni na vikombe na vijiwe, wakakufanya uape kwamba kijiwe kipo hapa kumbe kipo kule. Hila za hao, alisema, hazimdhuru mtu, na raha yake yote imo katika kule kudanganywa. Ukimwonyesha namna inavyofanyika, hamu humwisha. Barua hiyo ina karibu miaka 2,000. Mimi ni mtu wa Tanga, nimefundisha hesabu shule za msingi mpaka nikastaafu, na sijapata kusoma maneno ya haki kuliko hayo kuhusu kazi aliyokuwa akiifanya mjomba wangu barazani kwa vikombe vya kahawa.

Naisimulia historia ya kazi hiyo kwa sababu kwetu huku mtu akiiona hukimbilia moja kati ya mawili: aseme ni uchawi, au aseme ni wizi. Wote wawili, mchawi na mwizi, wamekaa jirani na meza ile tangu zamani, na ujirani huo umewaponza watu wengi wasio na kosa.

Wapo wanaotaka kuurudisha mchezo huu nyuma zaidi ya Roma. Vitabu vingi vya mazingaombwe hufungua kwa picha ya Beni Hasan, Misri, iliyochorwa katika kaburi la mtawala wa mkoa aitwaye Baqet wa Tatu, miaka 4,000 hivi iliyopita. Watu wawili wamepiga magoti, na kati yao kuna vyombo vinne vilivyofudikizwa. Ni picha nzuri, lakini wataalamu wa Misri ya kale hawajakubaliana: wengine wanaona ni mchezo mwingine wa kubahatisha, wengine wanaona ni waoka mikate. Mimi picha hiyo nawaachia wenyewe. Pasipo shaka ni kwa Seneca, na baada yake kwa Mgiriki Alciphron, aliyetunga barua za kubuni za wavuvi na wakulima. Mkulima wake mmoja anakwenda mjini, anakutana na mtu mwenye meza ya miguu mitatu, visahani vitatu na vijiwe vyeupe vya mviringo. Vijiwe vinaingia chini ya visahani, vinakutwa kinywani mwa yule mtu. Anavimeza, kisha anavitoa puani mwa huyu na sikioni mwa yule. Mkulima anaduwaa. Halafu anaapa kwamba kiumbe wa namna hiyo asije akakanyaga shamba lake, maana hakuna atakayemkamata, na mali yote itakwisha.

Mshangao wake na hofu yake vimetoka kwa pumzi moja. Tangu hapo havijaachana.

Mjomba hakuwa na visahani wala meza. Alikuwa na vile vikombe vidogo vya kaure visivyo na mkono ambavyo muuza kahawa huvisuuza katika beseni, na alikuwa na vidonge vya sufi alivyovizungushia kitambaa cheusi na kuvishona kwa uzi. Nilimwuliza kwa nini asitumie komwe za bao, zimejaa pale pale barazani. Akaangusha komwe moja ndani ya kikombe. Kaure ikalia. "Umesikia, mjomba? Na wao wangesikia." Kwa maneno hayo machache alinipa somo ambalo baadaye nililikuta katika vitabu vya Kizungu likiwa limeandikwa kwa kurasa nzima.

Alivifudikiza vikombe vitatu juu ya mkeka, kidonge kimoja juu ya kila kitako. Kisha akachukua mswaki wake, ule wa mti, akaugonga kila kikombe. Kidonge cha kwanza akakitia mkono wa kushoto, akaufumba, akaupuliza, akaufumbua mtupu. Akafunua kikombe cha katikati: kidonge hicho hapo.

"Haya wazee, sasa kiko wapi?"

"Kipo kwa huyu wa kulia, macho yangu hayazeeki."

"Mzee wangu, shikamoo. Hebu funua mwenyewe."

Mzee anafunua, hakuna kitu. Vyote vitatu viko chini ya kile cha kushoto ambacho hakuna aliyekitazama. Baraza linaangua kicheko, muuza kahawa anasahau kumdai mtu, na mjomba anavinyanyua vikombe mara ya mwisho, polepole, kama mtu anayekusanya vyombo. Chini ya kila kimoja kuna ndimu, na ndimu hiyo imekiziba kikombe mdomo mzima.

Siri yake nitaitaja, na sidhani kama nitakuwa nimemsaliti mtu, kwa kuwa ilichapishwa London mwaka 1584 na haijaacha kuchapishwa tangu siku hiyo. Vidonge ni vinne. Watazamaji wanahesabu vitatu, na hesabu yao yote wanaijenga juu ya tatu hiyo. Kile cha nne kimetangulia siku zote: wakati unakitafuta kidonge mkononi, mwenzake ameshafika chini ya kikombe zamani. Mswaki nao una kazi. Mkono uliofumba bila sababu hutiliwa shaka, lakini mkono ulioshika kijiti umefumba kwa haki, na kidonge kinaweza kulala humo bila kuulizwa. Ama ndimu huingizwa pale watu wanapocheka, maana mtu anapocheka humtazama jirani yake usoni, na kwa wakati huo mdogo unaweza kuingiza chini ya kikombe karibu kitu chochote.

Nikiwaeleza watu haya, husema sasa hawatadanganyika tena. Si kweli. Wamarekani wawili, Penn na Teller, wanaufanya mchezo huu kwa vikombe vya plastiki vinavyoonyesha ndani. Kila kidonge kinaonekana kikiingia, lakini mtazamaji bado anaachwa nyuma, kwa sababu jicho linafuata uso na mkono unaosogea, kisha akili inajijazia mengine yenyewe. Teller aliigundua njia hiyo akiwa mezani mgahawani, akichezea bilauri za maji na karatasi za kufutia mikono alizozifinyanga vidonge.

Vyombo hivyo vya kawaida ndivyo vilivyoufikisha mchezo huu kila mahali. India una vikombe vifupi vya mti au shaba vyenye kishikizo kitakoni, na mchezaji hukaa chini amekunja miguu. China watu hutumia bakuli mbili na kijiti cha kulia. Ulaya vikombe vilikuwa virefu vya bati vilivyopangana. Kila pahala ni kile kilichomo jikoni, na hiyo si kwa ajili ya umaskini peke yake. Sanduku la ajabu lenye vioo na nakshi humfanya mtazamaji aliulize sanduku. Kikombe alichokinywea kahawa sasa hivi hakiulizi, anakijua. Max Malini, Myahudi wa Poland aliyekulia New York na kufa Honolulu mwaka 1942, aliwashangaza matajiri na wafalme kwa sarafu, vifungo na karata alizoziazima hapo hapo, na mara nyingine kwa tofali zima lililochomoza chini ya kofia katikati ya chakula cha jioni. Hakuwa na mzigo wa vifaa. Alikuwa na subira: inasimuliwa kwamba aliweza kungoja saa nzima ili watu wageuke mara moja.

Sasa nimfikie mwizi. Katika jumba la makumbusho la Saint-Germain-en-Laye, karibu na Paris, upo mchoro wa Mchezaji wa Vikombe, unaohusishwa na Mholanzi Hieronymus Bosch, wa mwanzoni mwa karne ya 16. Mchezaji yuko kulia, amevaa kofia ndefu nyeusi, ameshika kidonge kati ya vidole. Kwenye kikapu kiunoni mwake bundi anachungulia. Mbele ya meza ameinama mtu mmoja, mdomo wazi, amekodoa macho juu ya kile kidonge. Nyuma ya mtu huyo amesimama mwingine mwenye miwani, ametazama juu mbinguni kana kwamba anahesabu mawingu, na mkono wake unakata mkoba wa yule aliyeinama. Wengine waliosimama nyuma wanatazama, na hakuna anayesema neno. Mwaka 1978 mchoro wenyewe ukaibwa jumbani, ukapatikana mwaka uliofuata. Bosch angecheka.

Ajuaye stendi zetu za mabasi hahitaji kwenda Ufaransa. Pata potea ni mchoro ule ule, isipokuwa karata tatu zimechukua nafasi ya vikombe. Kijana amechuchumaa mbele ya boksi, karata mbili nyeusi na moja nyekundu. Anashika mbili katika mkono mmoja, moja juu ya nyingine, anazirusha. Macho yako yanakwambia iliyotangulia kuanguka ni ya chini, lakini iliyotoka ni ya juu, na tangu hapo umepotea kabla hujaanza kufuata. Halafu wapo wapambe wake, ambao wanashinda mbele yako noti kwa noti. Mmoja anakukonyeza, na kijana akigeuka kutema mate anaikunja ncha karata nyekundu. Sasa unaijua! Unatoa nauli ya kurudi nyumbani. Lakini katika kurusha, kidole kimeinyoosha ile ncha na kuikunja nyingine. Mbinu hiyo ya ncha imo katika kitabu cha karata kilichotolewa Chicago mwaka 1902 na mtu aliyejiita S. W. Erdnase, ambaye jina lake la kweli halijathibitishwa mpaka leo. Inawanasa hasa wale wanaojiona wajanja, kwa kuwa kila anayeweka pesa pale anaamini kwamba anayeibiwa ni yule kijana.

Mikono ya kijana yule na mikono ya mjomba ilikuwa inajua mambo yale yale. Tofauti ni kwamba mjomba alikwambia tangu mwanzo kuwa atakudanganya, na alikwambia bure.

Mchawi ndiye mzito zaidi. Mwaka 1582, kijiji cha St Osyth huko Essex, Uingereza, wanawake kadhaa walishitakiwa kwa uchawi na wawili wakanyongwa. Mtu mmoja wa Kent, Reginald Scot, ambaye kabla ya hapo alijulikana kwa kitabu cha kilimo cha mmea wa kutengenezea bia, aliudhika na mambo haya. Miaka 2 baadaye akatoa kitabu kinene, The Discoverie of Witchcraft, akipinga kwamba vikongwe maskini wana uwezo wa kuua ng'ombe kwa maneno. Na katikati ya kitabu hicho cha dini na sheria aliingiza kitu ambacho hakuna aliyekitarajia: maelezo ya viinimacho. Alikuwa amekwenda kujifunza kwa wachezaji wenyewe. Akaeleza vidonge na vikombe, sarafu inavyohama kiganja, karata inavyobadilishwa, akachora na kisu chenye pengo katikati ya bapa kinachoonekana kimepita kwenye pua. Hoja yake ilikuwa nyepesi: ukiona ajabu usiyoielewa, usikimbilie shetani, huenda ni mkono tu.

Kisa chake kimoja huwa nakisimulia mara kwa mara. Mchezaji mmoja aitwaye Brandon alichora njiwa ukutani, akamwonyesha mfalme njiwa halisi aliyetua juu ya paa, kisha akauchoma mchoro kwa kisu tena na tena mpaka yule wa juu akaanguka amekufa. Watu wa mfalme walitishika, akakatazwa asirudie asije akachora mtu. Scot anasema ndege alikuwa amelishwa sumu mapema, na Brandon aliijua saa ambayo sumu hiyo ingemwangusha. Yaliyobaki yalikuwa maneno ya kupoteza muda. Mfalme James, aliyekuwa bado Scotland wakati huo, alitoa kitabu chake mwaka 1597 kuthibitisha kuwa wachawi wapo, na humo alimtaja Scot kwa jina na kumlaumu. Wanawake waliendelea kunyongwa kwa miaka mingi baadaye.

Mjomba hakumjua Scot. Alijifunza melini. Alikuwa baharia wa meli za mizigo, na njia yao ilipita Port Said. Mfereji wa Suez ulipofunguliwa tarehe 17 Novemba 1869, meli nyingi za Ulaya zinazokwenda India, Australia na pwani yetu zilianza kupanga foleni hapo, abiria wamechoka, hawana la kufanya, sarafu ziko mifukoni. Ndipo walipozuka mabingwa waliojulikana bandari zote kwa jina la gali-gali, kwa kuwa hilo ndilo neno walilolirudia wakicheza. Walipanda ngazi ya meli wamevaa kanzu, wakaketi juu ya sitaha, wakatoa vikombe vitatu vya shaba. Mwisho wao haukuwa ndimu. Walitoa vifaranga hai. Kikombe kikinyanyuliwa, kifaranga wa manjano anapiga kelele. Mwingine anatolewa kolani mwa mzungu, wa tatu kwenye mkoba wa mkewe. Halafu bingwa anamshika mmoja, anamvuta kwa mikono miwili, wanakuwa wawili.

Afugaye kuku atang'amua nusu ya siri: kifaranga akipata giza na joto hunyamaza, anakaa kimya ndani ya mkunjo wa kanzu mpaka atolewe kwenye mwanga, na hapo ndipo anapolia. Kelele inakuja wakati ule ule anaotakiwa kuonekana. Sijui ni mchezo gani mwingine ambao mnyama anaigiza vizuri kiasi hicho bila kufundishwa. Hata hivyo sikuipenda sehemu ya vifaranga, na mjomba naye hakuipenda. Alisema wengi wao hawakufika jioni.

Alitazama kila safari. Hawakumfundisha kwa mdomo, bali walimwacha akae upande wa nyuma, mahali ambapo mtazamaji wa kawaida hakai, na kwa mtu wa mikono hiyo ilitosha. Ndiyo sababu katika baraza la Tanga alicheza Kimisri: kikombe kinyanyuliwe polepole, maneno mengi, na cha mwisho kiwe kikubwa kuliko kikombe chenyewe kinavyodhaniwa kuweza kukificha. Wengi waliosafiri na kampuni ya meli ya British India miaka ya 1950, katika Kenya na Uganda, meli mbili zilizokuwa zikienda London kwa njia ya Suez, waliwaona mabingwa hao. Mmoja wao, Luxor Gali-Gali, alifika Marekani akacheza kwenye kumbi za usiku na televisheni.

Juni 1967 vita viliufunga mfereji, ukabaki umefungwa mpaka Juni 1975. Katika miaka hiyo 8 ndege ziliwachukua abiria. Meli Kenya iliuzwa kuwa chuma chakavu mwaka 1969, Uganda ikageuzwa kuwa meli ya safari za wanafunzi. Mfereji ulipofunguliwa tena, wa kumtazama gali-gali walikuwa wachache. Kazi ilififia kwa kukosa sitaha.

Kuna kisa kimoja cha huku kwetu ambacho hakimo katika historia za mazingaombwe, na kinastahili. Mwaka 1883 chama cha wanajiografia cha London kilimtuma kijana wa Kiskoti, Joseph Thomson, miaka 25, atafute njia kutoka Mombasa kupitia nchi ya Wamasai mpaka Ziwa Viktoria. Msafara wake ulikuwa na wapagazi kutoka Unguja na pwani. Thomson alijinadi kwa Wamasai kuwa laiboni (mganga na mtabiri wao) wa kizungu. Vifaa vyake? Meno mawili ya bandia, aliyoyachomoa mdomoni na kuyarudisha mbele ya morani, na chumvi ya Eno, aliyoitia majini ikachemka bila moto. Eno ile ile ambayo leo utaipata dukani, kipakiti kimoja kwa tumbo lililovimbiwa. Alirudi pwani mwaka 1884, na mwaka uliofuata akayaandika yote kitabuni kwa kujichekea. Mwaka huo huo wa 1885 Rider Haggard alitoa riwaya yake ya mashimo ya Mfalme Sulemani, ambamo Mzungu mmoja anawatisha Waafrika kwa meno ya bandia, na wengi wanaona aliyachukua kwa Thomson.

Nimesoma watu wakikiita kisa hicho cha kuchekesha. Kwangu hakichekeshi sana. Miaka 27 kabla yake serikali ya Ufaransa ilikuwa imemtuma Algeria bingwa wake mkubwa wa mazingaombwe, Robert-Houdin, fundi saa wa Blois, ili awaonyeshe Waarabu kwamba Mfaransa ana uwezo kuliko masharifu wao. Alimpa mtu mwenye nguvu kisanduku akakiinua. Kisha sumaku ya umeme chini ya jukwaa ikawashwa, kisanduku kikagoma. Tunayajua haya kutoka kwenye kalamu za Robert-Houdin na Thomson wenyewe, hatuna maandishi ya morani aliyesema, "Mzee huyu ana jino bovu tu." Ninaamini alikuwapo. Walichokifanya wale wawili ni kuuchukua mchezo wa Seneca na kuufutia lile neno moja linaloufanya uwe mchezo. Hawakusema tunawachezea. Baada ya Thomson haikupita miaka 5, mwaka 1888 kampuni ya Waingereza ilipewa hati ya kifalme ya kutawala nchi ile ile aliyoipita.

Halafu watawala hao hao wakaja na sheria za uchawi, Kenya mwaka 1925 na Tanganyika mwaka 1928. Ile ya Kenya inamshika hata anayejifanya tu kuwa na nguvu za siri, ikiwa anafanya hivyo kwa namna ya kutia hofu, kero au madhara. Kipimo hicho si kibaya. Thomson angepimwa nacho, angekuwa na kesi.

Mwenye mazingaombwe aliyezunguka shule zetu asingekuwa nayo. Waliosoma shule ya msingi enzi zangu wanamkumbuka: mtu na baiskeli, begi la turubai, amepatana na mwalimu mkuu, kiingilio shilingi chache. Tulikaa chini ya mwembe. Yule aliyekuja shuleni kwetu nikiwa mwalimu kijana alikuwa na viberiti vitatu. Anatikisa cha kwanza kimya, cha pili kimya, cha tatu kinalia njiti. Anavichanganya, na chenye njiti hakipatikani. Nilikiona mimi niliyekaa ubavuni kwake: viberiti vyote vitatu vilikuwa vitupu, na cha nne, chenye njiti, kilikuwa kimefungwa kwa uzi ndani ya mkono wa shati. Akitaka kilie alitikisa kwa mkono huo, akitaka kinyamaze alitumia mwingine. Kitu cha nne tena, kama vidonge vya mjomba.

Kisha alikunja karatasi ya daftari, akaikunjua ikawa noti. Watoto walipiga ukelele. Mmoja, wa darasa la nne, akanyoosha mkono: "Shikamoo mjomba. Kama unatengeneza pesa, mbona umetutoza kiingilio?" Yule mtu akacheka kuliko wote, akamshika mkono. "Marahaba, mwanangu. Kaa na swali hilo maisha yako yote."

Miaka ya baadaye mwalimu mkuu mmoja niliyefanya kazi chini yake alipiga marufuku watu hao, baada ya wazazi kulalamika kwamba watoto wanafundishwa ushirikina. Katika mtaa huo huo wazazi hao hao walikuwa wakipeleka akiba zao kwa mtu aliyeahidi kuzizidisha ndani ya sanduku kwa siku 7. Sanduku lake lilikuwa na sehemu mbili. Mtoto wa darasa la nne angemwuliza swali moja tu, na akiba zingerudi nyumbani.

Kwa hiyo mwalimu mwenzangu unayesoma haya, akija mtu na begi la turubai na kukuomba kipindi cha Ijumaa mchana, mpe, na umlipe bila kumpunja. Mwambie aanze kwa kuwaambia watoto kwamba atawadanganya. Jumatatu uwaulize darasani alifanyaje, na usiwape jibu upesi. Na ukipita stendi ukakuta vijana wamezunguka boksi lenye karata tatu, shika nauli yako, endelea na safari.